Fleti Kwenye Kiwanja cha Kiwanda cha Zamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Mombasa

Mimi ni msanifu wa majengo. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikikaa na watu wa Changamwe, Shimanzi na Jomvu tukizungumzia magodauni na viwanda vilivyofungwa, na nyumba zinazoweza kusimama pale. Maswali yanayorudi kila mkutano ndiyo haya. Nimeyaandika kama yanavyoulizwa, na nimeyajibu kama ninavyojibu barazani.

Umiliki mchanganyiko ni nini hasa?

Ni jengo moja au mtaa mmoja ambamo jirani huyu amenunua nyumba yake, yule anapanga, wa tatu analipa kidogo kidogo kila mwezi mpaka nyumba iwe yake, na pengine wa nne ni mwanachama wa ushirika wa nyumba. Wote wanapanda ngazi moja na kunywa maji ya tangi moja.

Hayo si mambo ya kigeni? Sisi Mombasa tumezoea kila mtu na chake.

Hapana, tumezoea kinyume chake. Nenda Majengo ukaitazame nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita: korido katikati, vyumba vitatu kila upande, ua nyuma, baraza mbele. Ardhi ni ya mtu mmoja. Nyumba ni ya mtu mwingine, anayemlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Chumba cha mbele amepanga fundi cherehani, cha pili yuko mjane wa ukoo, cha tatu wako vijana wawili wa bandarini. Jioni wote wanakutana uani au barazani. Mombasa imeishi hivyo kwa zaidi ya miaka mia, na utaratibu wa nyumba bila ardhi unajulikana na kila mzee wa mtaa.

Kilichokosekana ni karatasi. Mwenye nyumba hana hati, kwa hivyo ardhi ikiuzwa anaambiwa abomoe. Mpangaji hana mkataba, kwa hivyo akikorofishana na mwenye nyumba anatoka usiku. Tunachotaka kufanya ni kuuchukua mchanganyiko ule tunaoujua na kuupa ulinzi wa sheria.

Kwa nini mjenge kwenye kiwanja cha kiwanda wakati kuna ardhi wazi Kwale na Kilifi?

Kwa sababu ya nauli. Mtu anayefanya kazi Kilindini akihamishiwa mbali, nafuu ya kodi anaiacha kwenye matatu, na saa tatu za siku yake zinakwenda na maji. Viwanja vya viwanda vina barabara nzito, waya za umeme, mabomba na mara nyingi reli karibu. Kisiwa kimejaa, na upande wa bara tukiendelea kula mashamba na mikoko hatutabaki na pa kupumulia.

Viwanja kama hivi vipo kwa sababu kazi za mji zinabadilika. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kilianza kazi mwaka 1963 na kikaacha kusafisha mwaka 2013, matangi yakabaki ya kuhifadhia tu. Simaanishi pale ndipo pa kujenga nyumba kesho. Ninachosema ni kwamba kiwanda kinaweza kunyamaza ndani ya maisha ya mtu mmoja, na mji unatakiwa uwe tayari na jibu.

Kiwanda kinachofanya kazi kiachwe kifanye kazi. Siungi mkono kumfukuza mtu kwenye ajira yake ili ajengewe nyumba atakayoshindwa kuilipia.

Ardhi hiyo ni salama? Watoto watacheza pale.

Hili ndilo swali la kwanza ambalo mngepaswa kuuliza, na naona fahari kila mama anapoliuliza kabla sijafika kwenye michoro.

Tunao mfano hapa hapa. Owino Uhuru, kule Jomvu, watu waliishi ukuta kwa ukuta na kiwanda cha kuyeyusha betri kuu kuu kilichofanya kazi kati ya mwaka 2007 na 2014. Risasi, ile metali nzito yenye sumu iliyomo ndani ya betri, iliingia kwenye udongo, kwenye vumbi la mapaa na kwenye damu ya watoto. Phyllis Omido, mama ambaye mwanawe mwenyewe aliugua, alisimama na wakazi, akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikautengua uamuzi huo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha. Mjue basi kwamba risasi haiozi wala haiyeyuki kwa mvua. Kiwanda hufungwa, yenyewe ikabaki.

Mimi mwenyewe nimeona jambo ambalo sitalisahau. Tulichimba shimo la majaribio kwenye uwanja wa gereji moja ya malori iliyofungwa. Juu palikuwa na kokoto safi nyeupe, zimemwagwa na kusawazishwa vizuri kwa ajili ya mnunuzi. Tulipofika kama mita moja na nusu udongo ukageuka mweusi, maji yakaanza kuchuruzika ndani ya shimo, na juu yake ukaelea utando wa rangi za upinde wa mvua. Harufu ya dizeli ilimfanya fundi aliyekuwa shimoni ajifunge shati puani. Upande wa pili wa ukuta, hatua kama ishirini hivi, kulikuwa na kisima ambacho mtaa mzima ulikuwa ukichota maji ya kufulia. Siku ile nilijifunza kutoamini kokoto.

Jambo linalozidisha hatari hapa kwetu ni mwamba wenyewe. Kisiwa na ukanda wa pwani vimekaa juu ya matumbawe ya kale, mwamba wenye matundu kama sifongo, na mafuta yakimwagika yanafika kwenye maji ya visima upesi. Ukivuka kwenda Changamwe na Miritini unakuta mwamba laini wa matabaka unaogeuka udongo wa mfinyanzi: huo unayazuia mafuta yasiende mbali, lakini unavimba masika na kupasuka kiangazi, na msingi wa nyumba unausikia. Kwa hivyo uchunguzi wa kiwanja cha Shimanzi hauwezi kunakiliwa kwa kiwanja cha Miritini.

Uchunguzi unafanywa vipi?

Kwanza unasoma historia: nini kilitengenezwa pale, matangi yalizikwa wapi, transfoma ilisimama kona gani. Watu bora wa kuuliza ni wafanyakazi wa zamani. Mzee aliyekuwa mlinzi kwa miaka thelathini anajua kuliko ramani yoyote, na nikimwambia, "Mzee wangu, nionyeshe mlipokuwa mkimwaga," ananipeleka moja kwa moja. Halafu kiwanja kinagawanywa miraba, kila mraba unachimbwa, udongo na maji vinapelekwa maabara kutafutwa risasi na metali nyingine, mafuta, benzini na mafuta ya transfoma. Paa za asbesto, zile zenye nyuzi zinazodhuru mapafu, zinahesabiwa. Ripoti hiyo iwekwe wazi kwa wakazi, kwa Kiswahili. Atakayekwambia ni siri, usinunue kwake.

Na ikikutwa chafu?

Inategemea uchafu. Mafuta ya petroli na dizeli yanaweza kuliwa na vijidudu: udongo unachimbuliwa, unawekwa marundo juu ya karatasi nzito ya plastiki, unapitishiwa hewa na unyevu na mbolea kidogo, na kwa miezi vijidudu vinafanya kazi. Joto letu linasaidia. Risasi haina dawa ya namna hiyo. Ama unaiondoa na kuipeleka mahali palipoidhinishwa kupokea taka hatari, ama unaifunika kwa tabaka nene la udongo safi na zege, na unaandika kwenye kumbukumbu za kiwanja kwamba hapa pasichimbwe kamwe.

Mchoro nao unasaidia. Palipobaki mvuke wa mafuta ardhini hatuweki chumba cha kulala cha chini. Tunalinyanyua jengo juu ya nguzo, chini panabaki wazi pa kuegesha baiskeli, pa soko la jioni na pa watoto wakati wa mvua, na upepo unauchukua mvuke kabla haujaingia kwa mtu. Nyumba za chini, ambazo wazee wetu na wenye ulemavu wanazihitaji, zinakwenda upande uliothibitishwa kuwa safi. Bustani za mboga ziwe kwenye masanduku ya udongo ulioletwa.

Kuna viwanja ambavyo jibu lake ni kutojenga. Kibarani palikuwa jaa la taka kwa miaka mingi kabla ya kufungwa na kupandwa miti. Taka zilizozikwa zinatoa gesi na zinaendelea kudidimia. Mahali kama pale pawe bustani ya umma, na pasiguswe.

Ruhusa zinatoka kwa nani?

Serikali ya kaunti inabadilisha matumizi ya ardhi kutoka viwanda kwenda makazi, chini ya sheria ya mipango ya mwaka 2019. NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, inatoa leseni baada ya tathmini ya athari kwa mazingira, na hapo wananchi wana haki ya kutoa maoni, nendeni. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi inasajili mradi. Changamwe na Port Reitz kuna la ziada: urefu wa jengo lazima ukubaliwe na mamlaka ya usafiri wa ndege kwa sababu ya uwanja wa Moi.

Angalia pia hati ya ardhi. Viwanja vingi vya viwanda ni vya kukodishwa na serikali kwa miaka maalumu, na miaka hiyo inakwisha.

"Mwanangu, mimi nikinunua ghorofa ya tatu, hati yangu ni ya nini? Ya hewa?"

Mzee mmoja wa Mikindani aliniuliza hivi, na watu wakamshangilia. Jibu ni kwamba, mzee wangu, hati ni ya nyumba yenyewe, pamoja na fungu lako katika vitu vya pamoja: ardhi, ngazi, paa, tangi, ua. Sheria ya mwaka 2020 kuhusu umiliki wa nyumba ndani ya jengo la pamoja inaruhusu kila nyumba kuwa na hati yake, mradi ardhi ni ya kudumu au imebaki na miaka isiyopungua 21 ya kukodishwa. Mpango wa jengo ukisajiliwa, wamiliki wote wanakuwa shirika moja kisheria, na shirika hilo ndilo linalosimamia jengo. Kila mmoja anachangia kwa kadiri ya fungu lake.

Hakikisheni nyumba za kupangisha nazo zimo kwenye mpango huo, na mwenye nyumba hizo, awe kaunti, ushirika au wakfu, anakaa kikaoni na kulipa kama wengine. Nimeona mahali mwenye nyumba za kupangisha alijitoa, lifti ikaharibika, na kila upande ukamsukumia mwenzake.

Nani atakaa wapi? Isije matajiri wakapata upepo, sisi tukapata ukuta.

Mlango mmoja. Hili silijadili. London kumekuwa na majengo yenye mlango wa mbele wenye marumaru kwa wanunuzi na mlango wa uchochoroni kwa wapangaji wa kodi nafuu. Aibu hiyo tusiilete kwenye mji ambao baraza la nyumba ni la kila mpita njia.

Vigae, madirisha, rangi ya mlango, vyote viwe sawa, kiasi kwamba mgeni akipita kwenye korido asijue nani amenunua. Nyumba zitofautiane kwa ukubwa, kwa sababu familia zinatofautiana. Upande wa bahari na upande wa barabara ugawanywe kwa kura kwa wote.

Kuhusu kuchanganya kila ghorofa au kila ngazi, nimebadilisha mawazo. Zamani nilitaka kila ghorofa iwe na wote. Sasa naona ni bora kila ngazi ihudumie nyumba kati ya kumi na kumi na mbili, zilizochanganyika, kwa sababu watu kumi na wawili wanajuana kwa majina na wanaweza kukubaliana juu ya taa iliyoungua. Korido ndefu ya nyumba arobaini haina mwenyewe.

Kodi nafuu ni nafuu kwa nani?

Sheria ya nyumba nafuu ya mwaka 2024 imeweka mafungu kwa kipato cha mwezi: chini ya shilingi 20,000 ni nyumba za jamii, kuanzia 20,000 hadi 149,000 ni nyumba nafuu, na zaidi ya hapo ni za watu wa kipato cha kati. Fungu la pili ni pana mno. Mwalimu wa chekechea wa 22,000 na meneja wa 140,000 wamewekwa mstari mmoja, na ukiwaachia soko, meneja anafika kwanza. Kwa hivyo mradi unatakiwa uligawe fungu hilo wenyewe na kuandika ni nyumba ngapi za watu wa chini ya 40,000, ngapi za juu yake.

Ada ya huduma itakuwa kiasi gani?

Keti hapa, kwa sababu hapa ndipo miradi mizuri inapokufa.

Watu wanajiandaa kwa bei ya nyumba. Hawajiandai kwa kile kitakachokuja kila mwezi baada ya kupewa ufunguo: mlinzi, pampu ya maji, lifti, taka, taa za ngazi, rangi ya ukuta unaoliwa na chumvi. Chukua mfano wa mtu anayelipa kodi ya shilingi 8,000. Ukimwongezea ada ya 4,000, umempandishia kodi kwa nusu, hata kama hakuna aliyeitaja. Atavumilia miezi michache. Halafu atadaiwa, ataona haya kukutana na majirani ngaziani, na siku moja utaliona gari la mizigo limeegesha chini na godoro lake juu yake. Nimeliona gari hilo. Aliyekuwa akihama alikuwa dada aliyeongoza kamati ya wakazi, aliyehudhuria kila mkutano tangu siku ya kwanza ya michoro yangu. Aliniambia tu, "Kaka, nyumba ni nzuri, lakini siiwezi." Michoro ile ilikuwa yangu. Lifti mbili nilizichora mimi.

Tangu siku hiyo naanza kuchora kutokea kwenye ada. Nauliza: yule anayelipa kidogo kuliko wote anaweza kuongeza shilingi ngapi juu ya kodi, mwezi baada ya mwezi, kwa miaka ishirini? Jibu hilo linaamua urefu wa jengo. Ghorofa nne juu ya ile ya chini, bila lifti, na nyumba za chini kwa wanaohitaji, zinashinda ghorofa kumi na mbili mara nyingi. Ngazi zinakuwa za nje zenye mwanga wa mchana, zisizohitaji taa saa nane adhuhuri. Tangi linakaa juu ili pampu ifanye kazi saa chache tu. Ukuta wa nje unapakwa chokaa, au unaachwa jiwe tupu, usiodai rangi kila masika. Maduka ya chini yanapangishwa na kodi yake inaingia moja kwa moja kwenye mfuko wa matengenezo, jambo linaloandikwa kwenye katiba ya shirika la wamiliki tangu mwanzo. Muuza mbaazi na mahamri pale mlangoni analipia pampu, na anauza pia.

Joto je? Fleti za Mombasa ni tanuri.

Ni tanuri kwa sababu zimechorwa bila kuangalia juu. Mji uko nyuzi 4 kusini ya ikweta. Jua la mchana liko karibu na utosi mwaka mzima: Juni linaelemea kaskazini kidogo, Desemba kusini. Kwa hivyo kuta ndefu zenye madirisha zitazame kaskazini na kusini. Dirisha la kaskazini lenye kimo cha mita 1.5 linafunikwa kabisa mchana wa Juni na kibao cha kivuli kinachojitokeza juu yake sentimita 80 hivi. La kusini, mchana wa Desemba, sentimita 55 zinatosha. Ni zege kidogo tu, au mbao.

Ukuta wa magharibi hauna kinga ya namna hiyo, kwa sababu jua la alasiri linakuja chini chini. Weka kiganja kwenye ukuta wa namna hiyo saa kumi jioni mwezi wa Machi, kwa ndani, utakitoa mwenyewe. Saa nne usiku bado una joto na mtoto amelazwa kando yake. Upande huo tunaweka ngazi, vyoo na stoo, au tunauwekea ukuta wa pili wa matundu mbele yake.

Upepo tunao bure. Kaskazi inavuma kuanzia Desemba hadi Machi ikitoka kaskazini mashariki, kusi kuanzia Aprili ikitoka kusini. Jengo jembamba, lenye dirisha mbele na nyuma ya kila nyumba, linazipokea zote mbili. Linaloua upepo ni korido ya katikati yenye nyumba pande zote, mtindo ambao wajenzi wanaupenda kwa kuwa unabana nyumba nyingi. Tunaweka korido upande mmoja, wazi, na katikati ya majengo tunaacha ua. Lamu uwanja wa ndani ya nyumba ya mawe huitwa kiwanda, neno lilelile, na nimekuwa nikilifikiria sana tangu nianze kazi hii.

Maji yatatoka wapi?

Mombasa inakunywa maji ya mbali: Mzima, Baricho, Marere, Tiwi. Bomba likipasuka njiani, mkokoteni wa mitungi ya lita ishirini ndio unaotawala bei.

Mvua ni zaidi kidogo ya milimita 1,000 kwa mwaka, na mwezi wa Mei unaongoza. Paa la mita za mraba 600 linaweza kukusanya kama lita 480,000 kwa mwaka baada ya kutoa kinachopotea. Inasikika nyingi. Lakini weka chini ya paa hilo nyumba 60 zenye watu 240, kila mtu anapata lita tano na nusu kwa siku. Ni maji ya kupikia na kunywa, yakichujwa na kutibiwa. Wanaowaahidi kwamba mvua itakidhi fleti nzima hawajapiga hesabu. Nafuu kubwa zaidi iko kwenye maji ya kuogea: yakichujwa kwenye kitanda cha kokoto na matete, yanasukuma vyoo vya jengo zima. Mabomba mawili tofauti lazima yawekwe siku ya kwanza, kwa sababu kuyaongeza baadaye ni kubomoa kuta.

Kisima kwenye kiwanja cha kiwanda? Mpaka maabara iseme ndiyo.

Na maji taka?

Sehemu kubwa ya mji haina bomba la maji taka. Kama kiwanja kiko karibu na mtandao wa Kipevu au Kizingo, unganisha. Kama hakiko, jenga mtambo mdogo wa pamoja, usichimbe shimo kwenye matumbawe. Kisima cha jirani ndicho kitakachopokea.

Umeme wa jua?

Ndiyo, kwa pampu na taa za pamoja, kwa sababu unashusha ada. Umeme wa Kenya tayari unatoka zaidi kwenye mvuke wa ardhini, maji na upepo, hivyo mzigo mkubwa wa mazingira kwenye fleti zetu uko kwenye saruji na chuma tunavyomwaga siku ya ujenzi. Anayetaka kujenga kwa kulinda mazingira aanze kwa kupunguza zege.

Magodauni ya zamani yavunjwe?

Yapimwe kwanza. Fremu za chuma zilizo nzima zinaweza kuwa soko, karakana au ukumbi wa watoto. Vienna, Austria, waligeuza matangi manne ya gesi ya karne ya 19 kuwa makazi, na kazi ikakamilika mwaka 2001. Paa za asbesto zinatolewa na wataalamu, zikiwa zimeloweshwa, bila kuvunjwavunjwa. Kijana asipewe nyundo na kuambiwa apande.

Kwa majengo mapya, nondo zifunikwe na zege la kutosha. Hewa yetu ina chumvi, na roshani nyingi mjini mnaziona zimepasuka chini, kutu nyekundu inaonekana. Fundi akibana sentimita moja ya zege leo, wajukuu ndio watakaolipa.

Kuna mahali pengine wamejaribu, tukajifunza?

BedZED, kusini mwa London, ilikamilika mwaka 2002: nyumba 100 kwenye ardhi iliyokuwa ya mitambo ya maji taka, wengine wamenunua, wengine wanamiliki sehemu, wengine wanapanga. Kuta nene na madirisha yanayotumia jua vimeendelea kufanya kazi. Mtambo wa kuchoma vipande vya mbao kwa ajili ya umeme na joto ulisumbua, ukaachwa baada ya miaka michache. Ninapoletewa katalogi ya mashine, namuuliza muuzaji kama kuna fundi Mwembe Tayari anayeweza kuifungua.

Magari yataegeshwa wapi?

Machache, pembeni. Pa baiskeli, tuktuk na mikokoteni ni pakubwa zaidi.

Tutazuiaje nyumba za wanyonge zisinunuliwe na wenye pesa miaka mitano baadaye?

Hamtazuia kwa kuombana. Voi, pale njiani kwenda Nairobi, wakazi wa Tanzania-Bondeni walichagua mapema miaka ya 1990 kumiliki ardhi kwa pamoja kupitia amana ya jamii: mtu ana nyumba yake, anaweza kuiuza nyumba, lakini ardhi inabaki ya wote na haiingii sokoni. Tazama inavyofanana na nyumba bila ardhi ya Majengo, isipokuwa mwenye ardhi sasa ni wakazi wenyewe. Kwa fleti, ardhi ishikwe na amana, ushirika au wakfu, nyumba zikodishwe kwa miaka mingi, na anayetaka kuuza aanze kwa kuiuzia jamii kwa bei iliyokubaliwa. Kanuni hiyo iandikwe kabla ya mnunuzi wa kwanza kulipa, kwa sababu baada ya hapo kila mtu anakuwa na sababu ya kuikataa.

Na watu walio pale sasa? Wachomeleaji, wenye vibanda?

Wahesabiwe kwa majina kabla ya uzio kupigwa, na wapewe nafasi za kwanza kwenye maduka ya chini. Kazi za kelele na cheche ziwekwe upande wa barabara, mbali na vyumba vya kulala.

Miti mtapanda lini? Kila mradi unaahidi miti.

Siku uchunguzi wa udongo unapoisha, kabla ya msingi. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, mwamba mtupu wenye maji ya chumvi. Alijaribu aina nyingi, na mvinje ukawa miongoni mwa michache iliyostahimili. Majani yake makavu yalilala bila kuoza, mpaka jongoo walipoletwa wakayatafuna na udongo ukaanza kutengenezeka. Leo pale ni Haller Park, na watoto wa shule wanaenda kutazama twiga.

Kwa hivyo mvinje upande wa upepo, mkungu uani kwa kivuli, mwarobaini mbali na mabomba. Ujenzi ukichukua miaka mitatu, mkungu utakuwa umepita dirisha la ghorofa ya kwanza siku familia ya kwanza inapopandisha magodoro.